Mtu wa Soko

Kila asubuhi, chai ikishanywewa na vyombo vikishaoshwa, Atija alichukua kapu lake la ukindu akalitia begani, kisha akakumbuka kwamba hana pa kwenda nalo. Akalirudisha kwenye msumari nyuma ya mlango. Haukupita muda, miguu ikiwa bado inamwasha, alilichukua tena akatoka nalo hivyo hivyo, tupu, hadi barabarani.

Alikuwa mgeni Nanganga, kijiji cha kusini mwa Tanzania. Mumewe, Mudathiri, ni mzaliwa wa hapo, lakini walikutana Nampula, huko Msumbiji, alikokwenda kutafuta maisha akaishia kutengeneza pikipiki. Baba yake Mudathiri alipofariki, mikorosho ikabaki bila mtu wa kuipalilia, ikabidi arudi, naye akarudi na mke. Walivuka Ruvuma kwa daraja la Mtambaswala, Atija akiwa na begi moja na moyo mwepesi. Alishaambiwa kuwa upande wa Masasi wako watu wengi wanaoongea Emakhuwa kama kwao, akajisemea kwamba basi anahama nyumba tu, hahami nchi.

Lugha kweli haikumsumbua. Mama mkwe wake, Bi Sikudhani, ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Mudathiri, alimpokea kwa Emakhuwa ya kizamani, yenye maneno ambayo Atija aliwahi kuyasikia kwa bibi yake peke yake, na wote wawili wakacheka. Kilichomsumbua ni chakula, na hata hapo si ladha yake hasa, bali namna kinavyofika jikoni.

Kwao Nampula hakuna aliyeweka chakula ndani. Walikaa nyumba ya kupanga, wakipikia barazani, na kila kilichopikwa kilinunuliwa siku ile ile. Asubuhi ulinunuliwa mkate wanaouita pau, wenye gamba gumu, uliotoka kwenye tanuri la kuni, ukapasuliwa katikati na kutiwa bajia. Baadaye nyanya fungu moja, karanga za kutwanga kikombe kimoja, nazi, na mkaa wa kutosha sufuria hiyo tu. Atija ndiye aliyekuwa akitumwa tangu mdogo. Sokoni ndiko alikojua nani kaposwa, nani kagombana na jirani, njia ipi imekatwa na mvua. Akirudi na kapu alirudi na habari, na mama yake alizisikiliza huku anamenya vitunguu.

Nanganga, siku ya kwanza tu, Bi Sikudhani alimshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba kumwonyesha kihenge cha kuwekea chakula. Mlikuwa na mahindi, mlikuwa na makopa ya muhogo yaliyokauka yakawa meupe kama chokaa, mlikuwa na kunde, na mtama kidogo wa uji. Mbaazi zilikuwa bado mbichi shambani.

"Hapa hutanunua kitu, mwanangu," alisema. "Labda chumvi na sabuni."

Alilisema kama mtu anayetoa zawadi. Atija alipiga magoti akashukuru.

Asubuhi walikunywa chai ya rangi kwa muhogo wa kuchemsha. Mchana ulikuwa ugali wa muhogo, jioni ugali tena, kwa kunde au kisamvu. Wanawake walizunguka sinia moja, na yeye aliyezoea sahani yake alijifunza kutoharakisha mkono kwenye mboga. Kilikuwa chakula kizuri, na mkono wa Bi Sikudhani katika kusonga ugali haukuwa na mfano pale kijijini. Atija alikula akashiba. Lakini alishiba bila kutulia, na saa moja baadaye alikuwa amesimama mlangoni akiangalia lile kapu.

Barabarani palikuwa na genge la Zabibu, mjane mmoja mchangamfu aliyeuza nyanya, dagaa na mafuta ya kupima. Siku moja Atija aliulizia mkate. Akapewa mkate wa kwenye mfuko, laini, wenye sukari. Aliula akiwa amesimama, nusu yake akawarushia kuku. Baada ya hapo alikuja kila siku, hata akiwa hana la kununua. Mabasi ya Lindi yakisimama, abiria walitoa mikono madirishani kununua korosho na mahindi ya kuchoma, wakavutana bei haraka haraka dereva akiwa anapiga honi, na Atija alisimama pembeni akiangalia watu wananunua.

Kijiji kikaanza kusema kuwa mke wa Mudathiri anangoja basi la kumrudisha kwao. Maneno hayo yalimfikia Bi Sikudhani kisimani. Hakumwambia mkwewe chochote, alimwambia mwanawe.

Mudathiri alikuwa ametoka shambani kupulizia mikorosho dawa ya salfa, kope zake zimejaa unga wa njano. Alimuuliza mkewe anakwenda kutafuta nini barabarani.

"Nataka kununua," alisema Atija.

"Kununua nini?"

"Chochote."

"Kitu gani ambacho hapa hakipo?"

"Hakuna. Nataka kununua tu."

Mudathiri aliishi Nampula miaka, na pengine siku nyingine angeelewa. Siku hiyo alikuwa amechoka. Alimwomba apunguze kusimama barabarani kwa sababu watu wana macho, kisha akaenda kuoga.

Atija alivumilia juma moja. Alifagia uwanja mara mbili kwa siku. Alimwagilia mchicha ambao ulishamwagiliwa. Juma la pili, asubuhi, Bi Sikudhani akiwa ameenda msibani kijiji cha pili, alichukua kapu, akapanda gari la Masasi.

Alipoona yale majabali ya Masasi yamesimama juu ya mji, tayari alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti. Soko la Mkuti lilimpokea kwa harufu ya vitunguu na samaki wakavu, na miguu yake ikajua yenyewe pa kwenda. Alizunguka soko zima kwanza bila kugusa kitu, kama alivyofundishwa na mama yake, ndipo akarudi kwa yule ambaye bei yake ilimpendeza. Aliomba karanga kikombe kimoja, muuzaji akamwonyesha sado, ndoo ndogo ya kupimia, na kumuuliza kama anataka moja au mbili. Walibishana, wakacheka, mwishowe akapimiwa kwa kopo la maziwa. Alinunua na nazi, bamia, na dagaa kidogo. Alisikia habari za mgogoro wa shamba huko Chidya, za watu asiowajua kabisa, akazisikiliza hadi mwisho.

Alirudi mchana akiwa mwepesi. Akachuma majani ya muhogo, akayatwanga, akayapika kwa karanga na tui jinsi wanavyopika kwao, taratibu, mpaka mafuta yakaelea juu. Bi Sikudhani alikuwa amesharudi kutoka msibani. Aliketi mbele ya sinia, akanawa, akatazama mboga, wala hakutia mkono. Alisema ameshiba.

Kesho yake mwanamke mmoja alipita kumpa pole. Alisema amesikia wadudu, wale dumuzi, wameingia kihengeni na kula mahindi yote, kwa sababu mkwe wake ameonekana akishuka garini na kapu limejaa. Bi Sikudhani alimjibu kwa upole kwamba mahindi yapo. Mgeni alipoondoka, alimwita Atija, akamsogezea kigoda, wakapukuchua kunde wote wawili. Alizungumza bila kumtazama.

Alimsimulia mwaka mmoja wa njaa, Mudathiri akiwa wa kubebwa mgongoni. Mvua zilikata mapema, muhogo ukaliwa na nguruwe pori, na mumewe alikuwa kwenye vibarua huko asikokujua. Akachukua kapu akatembea hadi Lukuledi kutafuta unga.

"Kila niliyekutana naye njiani aliangalia kapu kwanza, ndipo akanisalimia," alisema. "Nilirudi, nikalima kama kichaa. Tangu hapo sijanunua chakula. Ukinunua wewe, wananiona mimi."

Kwao Atija, kapu tupu ndilo lililotia aibu. Alimwomba radhi, na alimaanisha.

Akaacha kwenda. Mbaazi zikaiva zikavunwa, na mikorosho ikatoa maua. Lakini mwili haukukubali. Alikonda, ingawa alikula. Alikuwa akianza jambo na kuliacha katikati, akisimama ghafla kama mtu aliyeitwa. Asubuhi moja Bi Sikudhani alimkuta kwenye kinu anatwanga makopa wakati unga wa jana umejaa ungo. Alimtazama kwa muda, mchi unapanda na kushuka, jasho linamtoka.

"Huo unga nani ataula?" aliuliza.

"Sijui, mama."

"Acha. Kesho tunakwenda Masasi."

Walikwenda wawili. Bi Sikudhani alivaa khanga zake za sikukuu. Sokoni alishika pochi kwa mikono miwili, akamfuata Atija hatua moja nyuma. Hakuuliza bei ya kitu. Mbele ya makopa ya watu alisimama kidogo, akaokota kipande, akakinusa, akakirudisha kwa uso uliosema yote. Walipofika kwa wauza nyanya, akaitwa kwa jina. Aliyemwita Bi Sikudhani alikuwa Veridiana wa Chidya, aliyefahamiana naye tangu usichana. Macho ya Veridiana yalishuka kwanza kwenye kapu.

"Mama Mudathiri, hata wewe sokoni? Huko nyumbani kwema?"

Atija aliona vidole vya mama mkwe wake vimekaza juu ya pochi. Alitamani kapu lile liwe mkononi mwa mtu mwingine.

"Kwema kabisa," alisema Bi Sikudhani. "Chakula tunacho. Nimemsindikiza mkwe wangu. Yeye ni mtu wa soko."

Alilisema kwa sauti ya kusikika hadi meza ya tatu, kama vile mtu anavyosema mwanawe ni fundi au ni mwalimu. Kisha akamwambia Atija achague nyanya, asisimame tu.

Bi Sikudhani hakwenda sokoni tena baada ya siku ile, na mboga iliyonunuliwa aliionja kwa ncha za vidole tu. Ila Atija akitaka kwenda Masasi aliaga, naye akaitikia. Mtu akiuliza, jibu lilikuwa tayari.

Msimu wa korosho ulipokwisha, Mudathiri alipata kazi ya kutengeneza mashine za kupulizia dawa huko Newala, wakapanga chumba kimoja karibu na soko. Huko juu uwandani, visima vikiwa mbali chini, hata maji yalinunuliwa, ndoo kwa ndoo, na Atija akafurahi kama mtoto. Alijua wauzaji wote kwa majina. Chumbani hapakuwa na kitu cha kesho. Bi Sikudhani aliposikia, alituma gunia la makopa juu ya lori. Atija alilisukumia kona, akafikiri atalitoa. Hakulitoa. Alianza kuligusa kwa kiganja kabla ya kutoka asubuhi, akajiona mjinga, na kesho yake akaligusa tena.

Kiangazi kilichofuata alipata nafasi ya kwenda kuwaona wazazi wake Nampula. Alipokewa kwa vigelegele, wakakesha wakiongea. Asubuhi aliamka kabla ya wote, akaingia barazani kwenye jiko la mama yake. Alifunua sufuria, akafunua ndoo, akatazama chini ya meza. Hapakuwa na punje. Alijua hapatakuwa na kitu, maana ndivyo palivyokuwa tangu azaliwe. Hata hivyo alifunua tena ndoo ile ile, kisha akakaa chini.

Siku ile ile alikwenda sokoni akanunua gunia zima la muhogo mkavu, akalileta kwa mkokoteni. Majirani walitoka kutazama. Mama yake alikuja mbio kutoka ndani, mtandio ukiwa mkononi, uso umembadilika.

"Nani amekufa?"

Mtaani pale hakuna aliyenunua gunia ila kwa msiba. Atija alimweleza kuwa hakuna aliyekufa, ni chakula cha kuweka tu. Mama yake alimtazama sana. Kisha akaleta bakuli, akaanza kugawa nyumba kwa nyumba, ili watu wasiendelee kuuliza, na kufikia jioni gunia lilibaki mfuko mtupu. Alifanya hivyo kwa wema wote, akiimba. Atija alimsaidia kubeba mabakuli, na kila bakuli lilipotoka alihisi limetoka kwake.

Aliondoka kabla ya siku aliyopanga. Alipofika Newala, Mudathiri alimpokea begi, akamuuliza kama wazazi hawajambo na kama amekula vizuri huko.

"Wazima," alisema Atija. "Chakula kilikuwa kizuri. Sikutulia tu."

Aliketi ukingoni mwa kitanda, viatu bado miguuni. Mumewe akamuuliza kama anataka maji. Alisema ndiyo, lakini alikuwa ameshasimama, anaelekea kona lilipo lile gunia.