Shati la Safwan

Pale mjini Mosul, Ghanim mpiga picha alikuwa hodari wa kuzichakaza picha mpya kwa kompyuta. Wenye mikahawa waliotaka kuta zao zionekane za kale walimletea za jana, akawarudishia zikiwa kama za enzi za mababu, huku akiwacheka kimoyomoyo.

Siku moja jirani yake, Mama Safwan, alimletea picha ambayo mwanawe alijipiga asubuhi ya siku aliyouawa, mwaka uliopita.

“Izeeshe hii, kaka.”

“Shemeji, picha inang'aa hivi, uiharibu kwa nini?”

“Huko kung'aa ndiko kunakoniua. Kila mgeni akiiona ukutani huangua kilio, nami naanza matanga upya. Ikionekana ya kale, watapita kimya.”

Ghanim akaifungua picha kwenye kompyuta. Akaupaka umanjano ukuta wa pichani, akaufifisha uso wa kijana kama ulioanikwa juani miaka. Mama Safwan akawa anaitikia kwa kichwa, mpaka ubuluu wa shati ulipoanza kupotea. Hapo akamdaka mkono.

“Shati liache! Nililipiga pasi mwenyewe asubuhi ile. Walipokuja kuniambia, pasi ilikuwa bado ya moto.”