Pale Bande Ilipokatwa

Vita vilipokuwa bado mbali, upande wa mashariki, Kamina, mji wetu wa reli, ilikuwa na shida moja tu kila Alhamisi jioni: nani atatolewa leo kwenye konkuru, yale mashindano ya redio. Sioni haya kusema hivyo. Watu walikuwa wanakufa kule, na sisi tulikuwa tunasogeza redio karibu na dirisha ili ishike vizuri.

Konkuru yenyewe ilikuwa ya waimbaji vijana. Redio ya Lubumbashi ilichukua vijana kumi kutoka miji ya reli, ikawaweka wiki mbili katika nyumba ya misheni wakati wa kiangazi, ikawarekodi wakiimba, wakila, wakisali na wakigombania ndoo ya maji. Halafu wakakata zile bande, yaani tepu za sauti, wakaziunga upya, wakawa wanatusikizisha kipande kimoja kila wiki mvua zilipoanza. Mwisho wa kila kipande mmoja anatolewa. Kwa kweli hata waliotolewa walikaa kule mpaka siku ya mwisho, ili sisi wa nyumbani tusihesabu siku na kujua mapema. Mshindi alikwisha kujulikana tangu kiangazi. Na kila mmoja wao alikuwa ameweka mkono juu ya Biblia kwamba hatafungua mdomo mpaka emisyo ya mwisho, kile kipindi cha mshindi, ipite hewani.

Mmoja wa wale kumi alikuwa dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyoita kwetu.

Aliporudi, baba alituita sote sebuleni kabla hajatua hata kikapu. Baba alikuwa karani wa reli na mzee wa kanisa la Methodisti, mtu wa kurudi ofisini kwa miguu kwa sababu hakumbuki kama alizima taa. Akasema: "Mu hii nyumba hakuna mwenye atamuuliza kintu. Mutoto aliapa. Ukimuuliza, zambi iko yako, haiko yake." Basi. Hakuna aliyemuuliza. Yaya akaendelea kutwanga na kufua, uso umefungwa kama duka siku ya Jumapili.

Lakini jambo lenyewe halikuwa dogo kwake. Mshindi angepewa miaka mitatu ya shule ya uuguzi kwa masista, Lubumbashi, chakula na kitanda. Na wakati huohuo kulikuwa na watu wamekuja kumposa: familia ya karani mmoja wa Malemba-Nkulu, mjane wa kiume mwenye watoto wawili na suti moja. Si mtu mbaya. Yaya hakumtaka tu. Alitaka shule, alikuwa ameitaka tangu akiwa na miaka kumi, akifunga vidole vyangu vitambaa ingawa sikuwa na kidonda. Baba aliwaambia wageni: "Nitawajibu nyuma ya konkuru." Akishinda, anakwenda Lubumbashi. Akishindwa, anakwenda Malemba.

Sasa nije kwangu. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilijua kitu ambacho wengine mtaani hawakukijua: jinsi bande inavyokatwa. Mwalimu wa kwaya yetu alikuwa na mashine ya kurekodi, na baada ya masomo nilikuwa namshikia vile vipande. Alikuwa akikata kwa wembe. Mwimbaji aliyempenda alimwachia pumzi yote, hata ile ya kuvuta kabla ya kuanza. Asiyempenda alimkata katikati ya ubeti, halafu anasema ni mashine. Wapi! Mashine gani inayochagua sauti za wake za watu?

Kwa hiyo nikaanza kusikiliza redio kwa masikio hayo. Wiki ya kwanza nikasema atatoka kijana wa Likasi, kwa sababu walimfanya ajisifu mwanzoni kabisa, na anayejisifu mwanzoni huwa amewekwa pale ili aanguke mwishoni. Akatoka. Wiki ya pili nikasema atatoka msichana mwenye kikohozi: hawakukata kikohozi chake hata kimoja. Akatoka. Wiki ya nne, bombani, wamama walinipisha mbele nichote maji kwanza ili niwaambie. Mama mmoja, mke wa dereva wa treni, akasema: "Uyu mutoto iko nabii, ao anakula na bale ba redio?" Nilicheka. Nilipenda sana, kusema kweli. Nyumbani nilikuwa mtoto wa pili; bombani nilikuwa mtu.

Wote waliniuliza: na dada yako? Hapo nilikuwa nanyamaza, maana nilichokisikia hakikunipendeza. Walimkata yaya vibaya. Wimbo wake walimpa nusu ubeti. Alisikika akisema mboga haina chumvi. Alisikika akicheka mwenzake alipokuwa akilia, na mimi namjua, hicho kicheko kilitoka mahali pengine, kiliokotwa na kuletwa pale. Lakini msichana wa Kongolo! Huyo walimwachia kila kitu. Walikwenda kumrekodi mpaka kwao, mama yake akasikika akitwanga, jogoo akiwika nyuma yake, na kabla hajaimba ulisikia pumzi nzima ikiingia. Nikajua. Kushona kwa namna ile hakufanywi kwa mtu wa kurudi nyumbani mikono mitupu.

Walibaki watatu: yaya, msichana wa Kongolo, na kijana mmoja ambaye hakuna aliyemkumbuka hata jina. Emisyo moja ilikuwa bado.

Ndipo vita vilipoanza kusogea. Familia za askari wa Base, kambi ya jeshi ya pale kwetu, zilikuwa zinauza vitanda. Treni hazikuwa na saa tena. Zilibeba askari na kurudi saa yoyote. Watu wa Malemba wakaja tena, wakiwa na haraka, wakasema njia inafungwa, wanataka jibu leo au waende zao. Baba akawaacha sebuleni, akatoka uani nilipokuwa nachambua maharage. Hakunitazama.

"Weye unasikia nini mu ile redio?"

Hakusema jina la yaya. Aliona hivyo si kumuuliza yaya. Ni kuuliza bombani kunasemwa nini. Nafikiri alikuwa amezunguka na hilo usiku kucha mpaka akapata njia ambayo haivunji kiapo cha mtoto wake.

Na yaya alikuwa pale, hatua tano, anaanika nguo. Alisimama na shuka mikononi.

Ningesema sijui. Ningesema tungoje Alhamisi. Lakini nilikuwa sijawahi kukosea hata wiki moja, na sifa zilikuwa zimenijaa kichwani. "Yaya hatashinda, baba. Ule wa Kongolo njo atashinda. Ni wazi kabisa."

Baba akatikisa kichwa, akarudi ndani. Yaya akanitazama, akafungua mdomo. Kisha akaufunga, akatundika shuka, akainyoosha pembe zote nne. Mimi nilidhani ana hasira kwa sababu nimesema kweli.

Ndoa yake na yule karani wa Malemba ikabarikiwa kanisani Jumatano. Walioimba walikuwa wachache. Wengine walikuwa tayari wamekimbilia porini. Alhamisi saa ya konkuru redio ilipiga muziki tu. Alhamisi iliyofuata iliongea kwa sauti ambazo hatukuzijua, na Kamina yenyewe ilikuwa imebadilisha wenyewe. Emisyo ya mwisho haikupita kamwe. Hakuna aliyeulizia, kulikuwa na mengine ya kuulizia.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nafanya kazi Lubumbashi, nikakaa kwenye matanga karibu na mzee mmoja aliyekuwa fundi wa redio ile. Nikamtania kwamba nilikuwa namjua mshindi wake kabla yake. Nikaeleza yote, pumzi, kikohozi, jogoo. Akacheka mpaka akafuta macho. "Njo vile tulitaka museme," akasema. "Mshindi tulimuficha. Tulimukata mubaya wiki zote, ili siku ya mwisho tumuachilie aimbe nzima, bantu bashtuke. Ule wa Kamina. Sauti ya ule mutoto, mama, siyayisahau."

Sikusema kwamba ni dada yangu. Niliuliza tu shule ilikuwaje. Akasema nafasi ilikuwa imekwisha kulipiwa, masista walimngoja mwaka mzima, waliandika barua mbili. Barua gani ingefika Kamina mwaka ule? Mwishowe wakampa wa pili. Msichana wa Kongolo.

Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Niliugua aibu, kweli kuugua, siku tatu sikula.

Yaya wakati huo alikuwa amerudi Kamina na watoto wake. Malemba kulikuwa hakukaliki tena. Nilimkuta anatwanga sombe. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kutwanga.

"Juu ya nini hukusema?" nikamuuliza. "Hata nyuma, hata miaka yote hii?"

"Emisyo ya mwisho ilipita siku gani?"

"Haikupita."

"Basi."

Akageuza majani kinuni kwa mkono, akatoa kijiti, akatupa. "Ule wa Kongolo, alimaliza masomo?"

"Alimaliza. Iko muuguzi."

"Ni muzuri." Akatwanga mara mbili tatu, akaegemea mchi. "Baba usimwambie. Iko muzee sasa, atakuja hapa kuomba musamaha, na minyi sitaki kumuona anaomba."

"Na minyi, yaya?"

Akanitazama vizuri, kama siku ile ya shuka.

"Weye, omba."

Nikapiga magoti pale chini, nikaomba.