Kibodi ya Mkono wa Kushoto

Mama yangu alistaafu upigaji chapa bandarini Kigoma na maringo yake yote. Mpaka leo akisoma ujumbe wangu wa simu hunisahihisha mkato kwanza, ndipo anijibu. Kiharusi kilipomlegeza mkono wa kulia, nilijua kilichomuuma zaidi: kutoweza kuandika mwenyewe. Miezi mitano mimi ndiye niliyemwandikia dada yake, mama mkubwa wa Kalinzi, na kila mara aliniambia niandike hivi: "Shikamoo dada. Mimi huku ni mzima wa afya." Alinikataza kutaja mkono. Dada ana magoti mabovu, asihangaike kushuka milimani.

Nikaamua kumtengenezea kibodi ya mkono mmoja. Vitufe nilivipanga mwenyewe, nikaviunganisha kwa waya na kidude kidogo kuliko kiberiti, ambacho ndicho ubongo wa kibodi. Akishikilia kitufe cha dole gumba, herufi za upande wa kulia zihamie kwenye vitufe vya kushoto. Ilibaki kukiwekea hicho kidude programu niliyoiandika.

Tulikaa barazani Ujiji, asubuhi. Nikakichomeka kwenye kompyuta; kimya. Nikachomoa, nikachomeka tena, kimya. Nikawalaumu waliokitengeneza, waliokiuza, na umeme wa Kigoma. Mama akauliza waya nimeutoa wapi. Ulikuwa wa tochi yake, wa kuchajia tu, haupitishi kitu kingine.

"Mtaalamu," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Nikaleta waya mwingine. Nikabonyeza kitufe cha kidude huku nikichomeka, kikatokea kwenye kompyuta kama flashi. Nikaburuta programu ndani. Kikatoweka papo hapo.

"Yebaba! Umekiua."

Nikamweleza kwamba kikishameza programu hujizima na kuamka kikiwa kibodi. Hakuamini mpaka alipobonyeza herufi ya kwanza akaiona.

Nilikuwa nimemwekea na zawadi: kitufe kimoja chekundu chenye salamu nzima. Akakibonyeza. *Shikamoo dada. Mimi huku ni mzima wa afya.* Akayasoma maneno hayo.

"Toa."

"Mama, si maneno yako mwenyewe?"

"Nilikuwa nayaandika kwa mkono wako. Kwa mkono wangu sidanganyi."

Niliona aibu. Nikairekebisha programu, nikaiweka upya, kitufe kikabaki na shikamoo peke yake.

"Hata hiyo toa. Shikamoo ya kubonyeza mara moja, unamwamkia nani?"

Tukaiunganisha kibodi na simu yake. Akaandika herufi moja moja, chai ikapoa: *Shikamoo dada. Mkono wangu wa kulia haufanyi kazi tangu masika, nilikuficha.* Mkato ulikuwa mahali pake.

Keshokutwa yake bodaboda ilisimama mlangoni. Mama mkubwa akashuka na magoti yake mabovu na mkungu wa ndizi.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Hakuitikia. Alinipa ndizi, akanipita, akaenda kuushika ule mkono wa kulia, wakalia wote wawili. Mimi niliyemwandikia ule uongo, marahaba yangu niliipata siku ya tatu.