Nyasi Yangu ya Kapsoya

Kabla hujanicheka, jua kwamba nilikuwa naogopa. Nilimaliza masomo ya jioni ya kubuni bustani, lakini huruhusiwi kufanya mtihani wa leseni mpaka mkaguzi atoke Nairobi, aone bustani uliyotengeneza, atie sahihi. Bila ile sahihi, miaka yangu yote ya kusoma nikisinzia ni bure.

Bustani yangu ilikuwa kwa mteja wangu Mama Chebet, mtaa wa Kapsoya. Kiangazi kikaingia, na katikati ya nyasi pakatokea upara ambapo ndege angetua, yaani ndege ya abiria. Usingizi ukanihama. Ndipo akili ya Uasin Gishu, kwetu kwenye mashamba ya ngano, ikanijia: ngano huota haraka. Nikamwaga mbegu, nikamwagilia kila jioni, upara ukawa kijani. Mama Chebet alipouliza, nikamwambia ni nyasi ya Brazili. Kuhusu mkaguzi, nilijituliza kwamba mtu wa Nairobi anaijua ngano ikiwa chapati tu.

Siku ya ukaguzi moyo ulidunda hadi nikadhani jirani anatwanga mahindi. Mkaguzi, mama mpole mwenye miwani, alisifu njia ya mawe, akasifu miti, akatoa kalamu. Kisha akainama, akang'oa jani moja, akalitazama.

"Kijana, mimi nimelelewa Moiben, hapa hapa kwenye ngano. Hii utaiitia kombaini ya kuvuna lini?"

"Kuvuna nini?" Mama Chebet akauliza. "Si uliniambia ni nyasi ya Brazili?"

Nikageuka haraka. Mkaguzi alikuwa anairudisha kalamu kwenye mkoba.