Injini Iliyowakia Kwenye Simu

Jumanne nilikuwa kwenye kaunta ya duka la vipuri mjini Karatina, nikitafuta kipuri cha gari langu, mama mmoja alipoingia akitaka koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche. Yeye na mumewe wanafufua gari lao kuukuu nyumbani, lile lililowabeba siku ya harusi yao. Jumamosi binti yao anaolewa, na anataka limpeleke kanisani. Rangi ni mpya, viti vimeshonwa, lakini injini imekataa kuwaka.

"Umejuaje ni koili?" muuzaji akamuuliza, akiishusha kutoka kwenye rafu. "Pigia mzee nisikie hiyo injini."

Simu ikalazwa kaunta, sauti juu. Stata ikazunguka, kisha ikasikika sauti kama ya mtu anayepiga chafya.

"Mzee, hiyo chafya inatokea wapi?"

"Kwa kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa."

"Waya za plagi ulitoa zote mara moja?"

"Nilikuwa nazisafisha."

"Basi zimechanganyika. Jaribu kubadilishanisha ya pili na ya tatu."

Wateja wote tukainama juu ya simu. Tulimsikia bwana akihema, kisha stata, kisha injini ikanguruma na haikunyamaza tena. Duka zima likapiga makofi. Mama aliishika simu kwa mikono miwili.

"Baba watoto, usizime. Nakuja."

Akatoka mbio bila koili. Najua wauzaji ambao wangeifunga kwenye karatasi na kumtakia safari njema. Huyu aliirudisha kwenye rafu akicheka kuliko sisi sote, kisha akanigeukia.

"Na yako, inalia aje?"