Nilimnyima Mkwe Wangu Maji ya Moto

Nimekosa, na msinitafutie sababu. Walionijua Kiwalani wanaujua mdomo wangu. Msiseme shetani alinipitia, maana alikuwa ni mie mwenyewe na akili zangu timamu.

Mke wa mwanangu alijifungua mtoto wa kiume, ameshafia tumboni. Nesi akaniuliza kama mama yake aletewe amwone. Nikakataa, nikamwambia mtamtia wazimu bure. Mtoto nikampokea mie. Nilimfunua uso, nikamtazama, nikamfunika, na wanaume wakaenda kumzika mchana uleule. Matanga nikayapiga marufuku. Jirani aliyekuja kutupa pole na mkeka wake kwapani nilimrudishia mlangoni.

Haya, tukarudi nyumbani. Mnajua mzazi kwetu anakandwa kwa maji ya moto, anapikiwa uji wa pilipili manga, na mama mkwe ndiye msimamizi. Mie nikagoma! Sufuria la kuchemshia nilishalinunua kabisa, nikalisukuma uvunguni. Nikasema mie nakanda wazazi, huyu mzazi wa nani?

Baada ya siku chache maziwa yakamjaa. Gauni linalowa kifuani, homa inamtetemesha, na mie namfokea anachafua mashuka. Jamani, nimezaa watano, maumivu yale nayajua! Nilijua, na bado nikamfokea.

Jioni moja akanifuata jikoni. Akaniuliza taratibu, mwanawe alifananaje. Hilo tu. Nilikuwa na hasira naye, niseme ukweli. Nilishawatangazia ndugu wote kwamba mjukuu anakuja, nikaona yeye ndiye aliyeniaibisha. Nikamjibu:

"Hukuzaa mtoto, ulitoa kiumbe tu. Kiumbe hakina sura."

Hakulia. Alipunguza moto wa jiko maana wali ulikuwa unaungua, akaenda zake chumbani. Mwanangu alikuwa koridoni, kasikia yote. Wiki haikuisha wakahamia Bunju, na simu zangu hawapokei mpaka leo.

Majuzi nikajipeleka huko Bunju mwenyewe. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, nimwombe radhi mkwe wangu, nimpe jibu lake. Akaja getini, hakufungua. Shikamoo akanipa, maana kwao walimfunza. Nikamwambia, mwanangu, nimekuja kukueleza mtoto alivyokuwa. Akanikata hapohapo:

"Nilikuuliza nikiwa namhitaji, ukaninyima. Sasa kaa naye mwenyewe, mama."

Akaingia ndani. Nikabaki pale juani, muuza genge wa jirani ananikodolea macho. Nilistahili, tena alinionea huruma.

Nyie mama wakwe, na nyie mawifi mnaokimbilia kusema atasahau, atazaa mwingine, komeni! Nani kawaambia mtoto anabadilishwa kama nguo iliyokubana? Mpeni mama amshike mwanawe, amtazame mpaka aridhike, alie hata mwaka mzima. Mkandeni, mpikieni uji, ni mzazi huyo. Na mkishindwa, basi fungeni midomo yenu, maana mie wangu ndio umenifukuzia watoto nyumbani.

Alikuwa na nywele nyingi, zimelala mpaka kwenye paji la uso. Kidevu alichukua cha mama yake, na kishimo chake vilevile. Sasa mnajua nyie wote, na mama yake hajui.