Mguu Wangu wa Kushoto na Ng'ombe Mwekundu

Mimi barabara haiwezi kunishangaza tena. Shule niliachia darasa la tano, na miaka ishirini nimebeba majani chai kwa lori langu mwenyewe. Juzi nikajinunulia gari la otomatiki. Kwa simu nikaona madereva wa mbio wakikanyaga breki na mguu wa kushoto, wa kulia ukibaki kwa mafuta, ili gari lisipoteze nguvu kwa kona. Nikasema hiyo ni saizi yangu.

Siku ya koito ya kijana wangu, tukienda kupatana mahari, nilijaribu kwa kona ya kushuka Litein. Mke wangu alikuwa amepakata kibuyu cha mursik. Nilisahau mguu huo umezoea klachi ya lori: ukikanyaga, unafika chini kabisa. Gari likasimama kama limegonga ukuta, na maziwa yote yakammwagikia.

"Baba Kiprono, nani alikutuma?" akauliza, kidevu kikitiririka.

Kwa wakwe nikaeleza kwa kifua kwamba ng'ombe aliingia barabarani nikamwokoa.

"Wa rangi gani?" akauliza mzee mmoja mwenye koti la mvua.

"Mwekundu, mzee."

"Nilikuwa nyuma yako na boda. Ng'ombe sikuona, niliona taa za breki." Akageukia wenzake. "Mimi kama mjomba wa msichana, huyo mwekundu nimempenda. Mwongezeni kwa mahari."

Nilimnunua soko la Sotik, elfu sitini na mbili na mia tano.